Maji ya Mitarakwa

Kaka yangu alinitumia salamu kwa dereva wa lori la mpunga: nipande Sumbawanga haraka, miti ya baba, ile mitarakwa yake, inakufa. Kuhusu baba mwenyewe hakusema lolote. Nilimbana dereva kama hakusahau nusu ya maneno njiani, akaapa kwamba ndiyo hayo tu aliyopewa, na kwamba kaka alisimama kando ya lori akiyarudia rudia kama anayemfundisha mtoto sala.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa Kaoze, chini bondeni, kwenye joto. Kutoka kule kwenda kwetu ni kupanda kweli. Lori linakwea ukingo wa bonde likilia, umekaa juu ya magunia umeshika turubai, na ukifika juu upepo wa Ufipa unakupokea kwa kofi. Ilikuwa kiangazi, ile miezi ambayo mvua imeshasahaulika na baridi bado haijaondoka. Nilijifunga khanga mbili kichwani nikamlaani kaka njia nzima. Sijaacha kumlaani, kwa hiyo anayetafuta huruma humu atafute kwingine.

Kaka alikuwa mtumishi wa shirika la umma lililonunua mahindi ya wakulima. Shirika lilipovunjika, wenzake walirudi vijijini kushika jembe, yeye akatoka na lori. Alilipataje, aulizwe mwenyewe. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali imefungua milango na kila mwenye ujanja amekuwa mfanyabiashara. Maduka ya mtaa wa Majengo, ambayo tuliyazoea yakiwa na rafu tupu na mwenye duka amesinzia, yalijaa sabuni za kila rangi. Kaka naye akajenga gesti palepale Majengo, akaipaka rangi ya bluu, na mlangoni akaweka miti miwili ya baba, mmoja kila upande, kama alivyoona kwenye hoteli za Arusha.

Baba alifanya kazi maisha yake yote kwenye vitalu vya miche vya serikali. Miaka mingi alikuwa kaskazini, kwenye milima ambako mtarakwa unaota wenyewe. Ni mti wa baridi. Majani yake ni magamba madogo yaliyobana kitawi, na ukikata mbao yake inanukia penseli iliyochongwa sasa hivi. Alipostaafu alirudi Ufipa na mbegu zake ndani ya leso. Alizisia kwenye madebe, kwa udongo aliouchukua kwenye matuta ya zamani, yale matuta yetu ya kufukia nyasi chini zioze ndipo upande. Miche mingi ilikufa. Miwili ikakua, akaikata kata ikanona, akaipenda kuliko alivyotupenda sisi, au ndivyo tulivyokuwa tukimtania.

Kisha kiharusi kikamchukua upande mmoja wa mwili na ulimi wote. Mama alikuwa ameshafariki. Kaka akafunga nyumba ya mzee, akambeba baba na akaibeba miti. Miti ikaenda mlangoni pa gesti. Baba akaenda chumba cha nyuma, kilichopakana na stoo ya magodoro.

Nilipofika, kaka hakuningoja nitue hata mfuko.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Njoo uone."

Nikafikiri ananipeleka kwa baba. Akanipeleka mlangoni. Miti ilikuwa ya kijani bado, ila kijani kilichofifia, na ncha zake ukizigusa zilikatika. Niliutikisa wa kushoto, magamba yakamwagika chini. Niliangalia udongo: ulikuwa umenywea na kuachana na debe, pembeni pameacha ufa ambao kidole kingeingia.

"Hamuimwagilii," nikamwambia.

"Tunaimwagilia. Tazama." Akachukua jagi, akamimina juu ya udongo. Maji yakatokea chini palepale, kwenye matundu ya debe, yakatiririka kwenye sakafu. Kaka akanigeukia kwa ushindi. "Unaona? Umekunywa mpaka umetapika. Tatizo si maji. Nimeambiwa wewe unajua dawa za mzee."

Hakuna dawa. Udongo wa debe ukikauka sana unakuwa kama jiwe, haupokei maji tena. Ukimimina juu, yanapita kwenye ule ufa wa pembeni na kutoka chini, na mizizi iliyo katikati haijapata hata tone. Anayetazama chini ya debe atasema mti umeshiba. Baba alinifundisha hayo nikiwa msichana, na kaka alikuwepo akifundishwa pia, ila yeye alikuwa mtu wa kwenda kucheza mpira.

Ndipo nikaenda kwa baba. Sitaki kuremba. Niliingia mle ndani nikamkuta amekunjamana kwenye blanketi, midomo imepasuka, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Macho yalinijua. Wifi yangu, mke wa kaka, alisimama nyuma yangu akifuta mikono kwenye khanga.

"Mzee hajambo," alisema. "Ila siku hizi hana hamu ya kunywa."

Siku ile nilimwamini. Nilikuwa nimechoka, na wifi alikuwa na sauti ya upole. Angekuwa mkali ningemshuku mapema.

Asubuhi nilianza kazi niliyoitiwa. Mti uliokauka hivyo huumwagilii, unauzamisha. Niliomba nusu pipa, nikaliweka ua wa nyuma mahali ambapo upepo haufiki, nikalijaza maji na kutumbukiza debe lote la mti wa kulia mpaka maji yakafunika udongo. Mapovu yakaanza kupanda. Ndiyo pumzi inayotoka kwenye udongo maji yakiingia, na unangoja mpaka yakome yenyewe. Nilimbeba baba, maana alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, nikamweka kwenye kiti kando ya pipa aone. Aliyatazama yale mapovu, na nusu ya uso wake iliyokuwa hai ikacheka.

Nikaenda kufuata mti wa pili mlangoni. Niliporudi nilimkuta baba ameinama kwenye kiti mpaka karibu aanguke, mkono wake mzima ameutumbukiza kwenye pipa, anachota maji yale yaliyochanganyika na udongo na kuyapeleka mdomoni. Yalikuwa yakimtiririka kidevuni na kifuani, meusi. Alikuwa hachoti kwa shida ya mgonjwa. Alichota kwa haraka, kama mtu anayeiba.

Wifi alitokea jikoni akapiga kelele. "Jamani! Mzee anakunywa maji ya miti!" Akaja mbio akamshika mkono na kuutoa kwenye pipa, kisha akamfuta kiganja kwa nguvu.

"Wifi," nikamwambia, "umesema hana hamu ya kunywa."

Hapo ndipo ukweli ulipotoka, na aliutoa bila hata kuona aibu. Baba alipewa maji kikombe kimoja cha bati asubuhi, chai kidogo, basi mpaka kesho yake. Akinywa zaidi analowesha godoro. "Na blanketi huku halikauki, wifi. Wewe uko Kaoze, jua lako la bure. Mimi nafua kwa maji ya barafu, naanika, linalala kambani siku nzima na bado ni bichi. Nina wageni humu. Harufu ikifika mbele nani atalala?" Akanionyesha mikono yake. Ilikuwa imepasuka kweli, damu imekauka kwenye mifereji ya vidole. Niliiona. Sikumhurumia wakati ule na simhurumii sasa, kwa sababu mikono ile ingepakwa mafuta ikapona.

Nilimwendea kaka. Alikuwa mbele anaongea na mchuuzi wa mbao. Nilimwambia baba anakaushwa. Alinisikiliza huku anatazama mlango uliobaki bila miti.

"Mambo ya ndani ni ya mke wangu," akasema. "Huyo ndiye anayeshika uchafu, mimi nitamwambia nini? Wewe nimekuitia miti."

"Basi miti inahitaji maji mengi. Kila siku."

"Yataletwa."

Na yaliletwa. Bomba lilikuwa likitoa hewa tu kiangazi kile, mji mzima ukinunua maji ya mkokoteni, lakini kila asubuhi mtu alikuja kujaza ndoo zilizofunikwa pale uani, na kaka akatangaza nyumba nzima isikie: maji ya miti asiguse mtu. Wifi mwenyewe aliyapita akienda kuomba maji ya kupikia kwa jirani. Kaka alikuwa mtu wa amri. Hakunipa hata shukrani, ila bila kujua alikuwa amenipa maji ya baba.

Nikawa namnywesha. Kijiko kwa kijiko, kichwa kimeinuliwa, upande ule mzima wa mdomo, maana ukimmiminia yanatoka upande mwingine na mtu anayetazama atasema ameshakunywa. Asubuhi, mchana, jioni. Nilifua mwenyewe mashuka yake kabla nyumba haijaamka, nikawa nakausha moja moja juu ya jiko la mkaa. Mdomo ukaanza kuziba. Mkojo ukapoteza ile rangi ya chai ya rangi. Siku moja nilimkuta ameamka, ananingoja, na alipoona kikombe akatoa sauti ambayo haikuwa neno lakini ilikuwa ya furaha. Nilitoka nje nikalia kwa hasira, maana kiasi cha maji kilichomrudisha baba yangu ni kile wageni wa gesti walichotumia kusukutua.

Mti wa kulia nao ulishika. Baada ya kuuzamisha niliuacha kivulini, sikuutia mbolea, sikuukata hata kitawi. Mti unaotoka kwenye kiu haulishwi, unaachwa utulie. Niliulowesha majani kwa mkono, na maji mengine sikuupa mpaka nitie kidole na kukuta juu pamekauka. Polepole kile kijani cha vumbi kikaanza kurudi kuwa kijani.

Wa kushoto ulikuwa na habari nyingine. Nilimleta baba karibu nao, akauangalia kwa muda. Kisha akanyoosha mkono, akakwangua gome la tawi kwa ukucha wa gumba. Ndani hapakuwa na ubichi, palikuwa pakavu, rangi ya kahawia. Akakwangua chini zaidi, karibu na udongo. Pakavu. Aliuachia, akanitazama, akageuza kiganja juu. Imekwisha.

Kwa macho ulikuwa bado wa kijani. Huo ndio uongo wa mtarakwa. Miti mingine ikifa inaangusha majani na kila mtu anajua pana msiba. Mtarakwa unakufa na kubaki na nguo zake kwa miezi, umesimama vilevile, unapendeza vilevile, na watu wanapita wakisifia maiti. Baba alikuwa akisema walipokuwa kitaluni walipokea wakubwa waliokuja kukagua, wakawapitisha kwenye mistari ya mitarakwa mifu, na wakubwa wakapeana mikono.

Sikumwambia kaka. Nilifikiri haraka: mti ukitangazwa umekufa, ndoo zitapungua, na mimi nitaonekana nimemaliza nusu ya kazi. Kwa hiyo niliendelea kuuzamisha mti mfu, kuulowesha majani, kuuhamisha kivulini, na kila kaka alipouliza nilisema wa kushoto bado, unapona taratibu, tusiuharakishe. Mgawo wake wote wa maji ulikwenda kwa baba.

Lakini kaka alikuwa na macho. Siku moja alikuja uani, akazunguka madebe yote mawili, akaona kijani na kijani. Akaingia ndani akamwona baba amekaa, amenyolewa, mashavu yamerudi. Akafurahi sana. Aliagiza miti irudishwe mlangoni, na mzee avishwe koti lake la zamani akae pale katikati, wageni wapite wamsalimie. "Shikamoo mzee," wakawa wanasema, na baba anainua mkono. Mpita njia angesema hapa kila kitu kiko sawa.

"Kazi umeifanya," kaka akaniambia. "Kuna lori linashuka kesho. Rudi kwa mumeo asije akanilaumu."

Nikaona maji yanakatika. Nikamwambia wa kushoto bado haujapona. Akasema anauona. Ndipo nikaubeba ukweli wote nikaumwaga: nikamvuta mpaka kwenye debe, nikakwangua gome mbele ya macho yake, nikamwonyesha pakavu. "Umekufa huu, kaka. Ulikufa kabla sijafika. Kijani hiki kisikudanganye."

Alicheka. "Juzi unapona taratibu, leo umekufa zamani. Sema tu umezoea kula hapa."

Nilimwomba basi niondoke na baba, nikae naye Kaoze. Mume wangu asingekataa, na jua la kule linakausha blanketi mara moja. Kaka akaacha kucheka. Kwetu mzee hapelekwi kulelewa nyumbani kwa mkwewe, labda kama hakuzaa mwanamume, au alimzaa mjinga. "Unataka watu waseme nini?" aliniuliza. "Nina vyumba vyote hivi, halafu baba yangu akalale kwa mkwe wake, amefunguliwa kinywa kama kifaranga? Nitapita wapi Majengo hii?" Nikamwambia apite anapotaka. Alininyooshea kidole kwenye mlango.

Kabla ya lori kuondoka nilimshika wifi mikono yote miwili. Nilimwomba, mimi ambaye si mtu wa kuomba. Asubuhi, mchana na jioni, nikamwambia. Kijiko kwa kijiko. Akasema, "Ndiyo wifi, usiwe na wasiwasi." Baba alikuwa kwenye kiti chake kati ya miti miwili, na koti. Aliinua mkono kama alivyowainulia wageni, na sikujua kama ananiaga au ameshazoea tu.

Baba hakuifikia mvua. Safari hii salamu zilimtaja.

Nilipofika walikuwa wameshamwosha. Mzee mmoja wa ukoo, miongoni mwa waliomwosha, alinivuta pembeni akaniuliza kama baba alikuwa na homa, kwa sababu ulimi ulikuwa umekauka kama kipande cha ngozi. Nilimjibu hakuwa na homa. Hakuniuliza tena, akaenda kukaa na wanaume. Wifi alilia kuliko sisi wote, alilia mpaka akashikwa. Kaka alichinja ng'ombe. Waombolezaji walijaa barazani mpaka barabarani, na wengi wao, baada ya kuzungumza habari za mzee na za bei ya mahindi, waligeukia ile miti miwili mlangoni wakaisifia. Alijua kutunza miti, mzee yule. Tazama ilivyonawiri.

Mvua zilikuwa zimeshakolea salamu za tatu ziliponifika. Mtarakwa wa kushoto umebadilika rangi ghafla, nipande haraka.

Nilipanda. Watu wa Kaoze waliniuliza nakwenda kufanya nini kwa mtu yule, nikawajibu nakwenda kuona. Nilikuta maji kila mahali: mapipa chini ya mabati yanafurika, mitaro inakimbia, ua mzima matope. Miti ilikuwa chini ya paa la baraza, mvua haikuifikia. Wa kulia ulikuwa mzima, una vichipukizi. Wa kushoto ulikuwa wa kahawia kuanzia ndani mpaka ncha, rangi ya kutu, na kaka amesimama kando yake kama mtu aliyefiwa. Alikuwa amekonda. Miezi ile alikuwa amesimulia kila mgeni kwamba miti ile ni kumbukumbu ya baba yake.

"Wiki iliyopita ulikuwa mzima," akasema. "Sijui umepatwa na nini. Mdogo wangu, wewe ndiye uliyebaki na ujuzi wa mzee. Niambie dawa."

Sikukwangua gome, alikuwa ameshaonyeshwa. Nilivuta kiti, kilekile alichokuwa akikalia baba, nikakaa.

"Dawa ni maji," nikamwambia.

"Kiasi gani?"

"Asubuhi," nikasema. "Mchana. Na jioni."

Wifi alikuwa amesimama kizingitini na kikombe cha maji alichoniletea. Alisikia. Hakunikabidhi kile kikombe wala hakurudi nacho ndani. Kaka naye alinitazama, na najua alielewa, kwa sababu macho yake yalikimbilia kwenye kile chumba cha nyuma. Angeweza kusema kitu. Ningemsikiliza, nadhani. Badala yake alichukua ndoo, akaichota kwenye pipa, akaja akaimimina yote juu ya mti. Maji yakapita pembeni, yakatoka chini, yakasambaa sakafuni mpaka miguuni mwangu. Akasimama na ndoo tupu, ananisubiri niseme inatosha.

"Ongeza, kaka," nikamwambia. "Bado una kiu."

Akaenda kuchota nyingine.